Madumu kumi ya maji: Familia inapopiga kambi katika nyika ya Australia

Marree ni mji mdogo katika jimbo la Australia Kusini, wenye hoteli ya zamani, duka la mahitaji na reli ambayo haitumiki tena. Hapa ndipo njia mbili za vumbi zinapoachana. Moja huelekea kaskazini mashariki hadi Birdsville, na nyingine kaskazini magharibi, ikipitia Oodnadatta, hadi Marla. Hii ya pili ina urefu wa kilomita 620 hivi, zaidi ya safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na katikati yake kuna vituo viwili tu ambavyo mzazi anaweza kuvitegemea kwa mafuta na chakula.

Kila mwaka, hasa likizo ya shule ya Julai, familia za Australia hufunga mahema juu ya magari na kuingia njia hii kwa hiari yao. Wanaiita nyika hiyo Outback. Watoto hukaa kiti cha nyuma kati ya mito na mablanketi, na kabla ya saa moja kuisha wa mwisho ameshauliza kama wamefika.

Kabla ya kuwasha gari, kuna hesabu ambayo haina mjadala. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wasafiri wa nyika hiyo ni kubeba hadi lita 10 za maji kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa, pamoja na akiba endapo gari litaharibika. Familia ya watu watano kwa siku nne inahitaji lita 200. Hayo ni madumu kumi ya lita 20, uzito sawa na magunia mawili ya mahindi, na bado hawajapakia mahema, jiko la gesi, chakula wala tairi mbili za akiba. Ndiyo maana baba akisema baiskeli ya mtoto inabaki nyumbani, inabaki.

Ajabu ni kwamba barabara yenyewe ipo kwa sababu ya maji. Chini ya ardhi hii kavu kuna hazina kubwa ya maji inayoenea chini ya zaidi ya moja ya tano ya Australia yote. Sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha zamani mno kwenye milima ya mashariki, ikapenya kwenye miamba na kusafiri polepole chini kwa chini. Huku magharibi hutokeza juu kama chemchemi, moja hapa, nyingine kilomita kadhaa mbele. Waarabana, wenyeji wa eneo hili, walizifuata katika safari zao za biashara kwa vizazi vingi. Nguzo za simu ya maandishi iliyokamilika mwaka 1872 zilifuata mkondo huo. Baadaye ikaja reli, kwa kuwa garimoshi la mvuke nalo lina kiu. Kabla ya reli, mizigo ilibebwa na ngamia walioongozwa na wanaume kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India. Wengi walikuwa Waislamu, na pale Marree walijenga msikiti wa udongo. Mfano wake umesimamishwa mjini hadi leo.

Kituo kinachowafurahisha watoto kuliko vyote ni chemchemi iitwayo The Bubbler. Juu ya kilima kidogo katikati ya ardhi tupu kuna dimbwi la maji safi, na kila baada ya muda mchanga wa chini hufura na kupasuka kama uji unaochemka. Watoto hushangilia kila unapopasuka. Si mbali na hapo, Coward Springs, kuna uwanja wa kupiga kambi chini ya mitende iliyopandwa zamani za reli, na bwawa dogo la maji ya uvuguvugu. Baada ya siku nzima ya vumbi, hakuna anayehitaji kubembelezwa aoge. Lakini maji ya chemchemi hizi yana chumvi na madini, si ya kutegemea kwa kunywa. Madumu hayapumziki.

Julai ni majira ya baridi huko. Mchana jua huwa la wastani na usiku baridi inauma hadi mifupani. Hapo ndipo wazazi wengi hujisahau. Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla halijaonekana, kwa hiyo mtoto anapoteza maji bila shati kulowa. Tena mtoto anayecheza haombi maji. Dalili za mwanzo ni ndogo: midomo mikavu, mkojo wa rangi nzito, kichwa kuuma, mtoto mchangamfu kuwa mkimya au kulialia bila sababu. Wazazi wenye uzoefu huwanywesha watoto kila wanaposimama, waombe wasiombe. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, hakuna cha uzoefu. Pale Oodnadatta kipimajoto kilifika nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Mtu anayeanza kuchanganyikiwa kwenye joto la namna hiyo, ngozi ikiwa inaunguza, anatakiwa kuwekwa kivulini na kupozwa kwa maji na upepo papo hapo huku msaada ukiitwa.

Kanuni nyingine ambayo watoto hukaririshwa ni kwamba gari likikwama, hakuna kuondoka. Gari linatoa kivuli, lina maji, na rubani huliona angani kirahisi kuliko anavyoweza kumwona mtu anayetembea. Kanuni hii ina makaburi nyuma yake. Desemba 1963, familia ya watu watano, baba, mama na vijana watatu wa kiume, ilisafiri kutoka Marree kwa ile njia ya Birdsville. Walipotea, petroli ikaisha, wakaliacha gari kwenda kutafuta maji. Wote walikufa kwa kiu na joto, wakazikwa kulekule.

Siku hizi familia hubeba simu ya setilaiti au kifaa kidogo cha kutoa ishara ya dharura, maana mtandao wa simu za kawaida hukatika kwa mamia ya kilomita. Anayeitwa akiumwa mtu ni daktari wa ndege. Huduma hiyo ilianza mwaka 1928 katika mji wa Cloncurry, kwa juhudi za mchungaji John Flynn. Mwaka uliofuata Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili hata shamba la mbali limwite daktari. Mashamba yakapewa makasha ya dawa zenye namba, na daktari akishasikia dalili husema tu mgonjwa apewe namba ipi. Afrika Mashariki nayo ilipata madaktari wake wa ndege, Nairobi, mwaka 1957, kwa sababu ileile ya umbali.

Jioni, safari husimama kabla jua halijazama, kwa kuwa giza likiingia kangaruu na ng'ombe huvuka barabara bila taarifa. Baba anapigilia hema, mkubwa anakusanya vyombo, mdogo anapigana na inzi. Inzi wa huko ni wa kung'ang'ania macho na pua, na familia nyingi huvaa vyandarua vya kichwani bila kuona aibu. Usiku hakuna taa ya mji hata moja. Mtoto aliyezoea kulala na simu mkononi hulala chali akihesabu nyota, simu ikiwa haina kazi. Mama naye anahesabu, ila yeye ni madumu: mangapi matupu, mangapi yamejaa.

Siku ya nne njia inaingia Marla, kwenye lami ya barabara kuu ya Darwin. Malori yenye matela matatu au manne, urefu hadi mita 53.5, yanapita yakivuma. Kuna bafu la maji moto, chipsi na mtandao. Madumu mawili bado yamejaa. Alice Springs iko mbele kilomita 450 hivi, na hakuna anayeyamwaga.