Wajina Wawili, Nyumba Moja

Ndugu msomaji, umewahi kuwa na wajina wako mtaani? Barua yake inaletwa kwako, mdai wake anabisha hodi kwako. Basi ndani ya seva za Java mambo ndiyo hayo hayo.

Java ilitoka 1995, na ina utaratibu wake: klasi haitambuliwi kwa jina tu, bali kwa jina pamoja na mpakiaji aliyeileta kwenye kumbukumbu. Jina moja, wapakiaji wawili: hao ni watu wawili. Ndiyo maana seva huweza kukulalamikia kwamba kitu fulani hakiwezi kugeuzwa kuwa kitu hichohicho! Inachekesha, mpaka yakufike.

Kazini kwetu hakuna aliyecheka. Programu ya mikopo ya chama kimoja cha akiba iligoma siku ya malipo, na lawama zote akatupiwa dogo mmoja wa mkataba, eti kaandika uchafu. Yeye anaapa: "Kaka, kwenye mashine yangu inatembea!" Bosi hataki kusikia. Mkate wa mtu huo unaondoka.

Nikasoma kosa: NoSuchMethodError. Maana yake, klasi imepatikana lakini methodi inayoitwa haimo. Yaani toleo siyo. Dogo alikuwa ameweka maktaba mpya ndani ya WEB-INF/lib. Seva nayo ilikuwa na yake ya zamani, jina lilelile, na ilipangwa mzazi kwanza: mzazi akiwa nacho, cha mtoto hakiguswi. Mashine ya dogo ilikuwa na Tomcat, ambayo kwa kawaida huanza na maktaba za programu yenyewe. Kumbe wote walisema kweli!

Nikaiwasha seva upya kwa -verbose:class, inayotaja kila klasi imetoka faili gani. Ushahidi ukajianika. Maktaba ya zamani hatukuifuta, maana programu nyingine zilikuwa zinaitegemea. Tuliiamuru seva tu kwamba kwa programu hii, mtoto atangulie. Jioni mikopo ikatoka, na dogo kabaki kazini.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "kwangu inatembea", simwiti mwongo. Namwuliza: imetoka faili gani?