Yule Mrefu Tuliyemwita Oscar

Mhariri alituomba tuandike juu ya michezo ya shule yetu. Alidhani tutampa matokeo ya mwaka mzima. Lakini matokeo hayo mnayajua, na mengine hayapendezi kuchapwa kwenye karatasi ambayo wazazi wataisoma. Tumeona heri tuandike habari moja ambayo haijaandikwa bado, nayo imetukaa rohoni tangu mwaka wa masomo 2022-2023.

Wadogo wetu wengi hawakuwako wakati ule. Basi wajue kwamba timu yetu ya basiketi ilikuwa timu ya kusikitisha. Mpira ulikuwa mmoja, umekwaruzika mpaka rangi yake haijulikani. Uwanja wetu wa simenti ulikuwa na ufa toka kikapu hata kikapu (ungali nao), na ukidundisha mpira juu ya ufa ule, mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Mazoezi yalipangwa saa tisa, jua la ziwani likiwa bado kali, nao wachezaji walifika saa kumi, wawili watatu, wengine wakiwa na kandambili. Kocha alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, aliyeongezewa kazi hiyo juu ya madaftari yake. Mwaka uliotangulia tulicheza mara saba tukashinda mara moja, na mara ile moja wapinzani walifika wanne tu kwa sababu gari lao liliwafia njiani, pale Kiliba. Hatusemi hivi ili kuchekesha. Tulikuwa tumechoka kuchekwa.

Ndipo mwezi wa Septemba 2022 akaja mwanafunzi mgeni kutoka upande wa Baraka. Asubuhi ya kwanza, tulipopanga mistari mbele ya bendera, kichwa chake kilionekana juu ya vichwa vyote. Kuingia darasani aliinama mlangoni. Kabla kengele ya mapumziko haijalia, habari ilikuwa imezunguka shule nzima: "Mumeona ule? Huyu njo wetu! Mwaka huu batatutambua!" Hakuna aliyemwuliza kama amewahi kushika mpira. Hakuna aliyemwuliza ameandikwa sehemu gani. Alikuwa ameandikwa Biokimia, darasa letu sisi tunaoandika, na kemia aliipenda, lakini jambo hilo tulilijua baadaye sana. Hata marehemu Dikembe Mutombo, aliyefariki mwaka 2024, alipofika chuo cha Georgetown mwaka 1987 alikuwa na nia ya kuwa mganga. Wenye macho waliona urefu kwanza.

Siku ya tatu tulimpa jina. Tulimwita Oscar.

Jina hilo halikutoka hewani. Kaka ya mmoja wetu alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha akapelekwa Marekani, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Huko na Louisville wako Wakongomani wengi wanaosema Kiswahili kama sisi. Kaka huyo alitutumia picha na sauti kwa simu, mara kwa mara, juu ya mtu mmoja tu: Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mzaliwa wa mwaka 1999. (Simu haziruhusiwi shuleni, twajua, na kapita ndiye anayezikamata. Picha hizo tulizitazama nyumbani.) Tshiebwe alicheza kandanda kwanza. Akaenda Marekani angali kijana mdogo, bila Kiingereza, akasoma sekondari huko, akaingia chuo cha West Virginia, na mwezi wa Januari 2021 akahamia chuo kikuu cha Kentucky.

Sasa mjue Kentucky ni timu gani. Ni timu iliyotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 8. Uwanja wao, Rupp Arena, unaingiza watu zaidi ya 20,000. Lakini msimu ule wa 2020-2021 walishinda michezo 9, wakapoteza 16. Kwa watu wa huko ilikuwa kama msiba nyumbani. Basi fikirini mgeni anayeingia katika nyumba ya namna hiyo, na kila anayempa mkono anamtazama kana kwamba yeye ndiye dawa.

Naye aliwafanyia. Msimu wa 2021-2022 alipata wastani wa pointi 17 kila mchezo, na mipira 15 aliyoidaka ikirudi ubaoni. Kudaka mpira uliokosa kikapu ni kazi ya kusukumwa na kupigwa viwiko, wala haishangiliwi sana. Timu ilishinda michezo 26 ikapoteza 8, na Tshiebwe akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mtu wa Lubumbashi! Mnaelewa kwa nini tulipomwona mrefu wetu hatukutafuta jina lingine.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mwezi wa Novemba, hapa kwetu, na shule moja ya mjini ambayo ilikuwa imetushinda miaka yote. Sisi tunaoandika tulikuwa kapita wa darasa, nasi ndio tuliopanga ushangiliaji. Tulichangisha faranga 500 kwa kila mwanafunzi, tukakodi ngoma mbili, tukanunua karatasi za rangi. Watoto walipanda hata juu ya ukuta. Kabla filimbi haijapigwa uwanja wote uliitika: "Oscar! Oscar! Oscar!"

Yeye alikuwa amesimama katikati na viatu vya kuazima. Vilikuwa namba 44 na mguu wake ni wa 47. Alikuwa amevikata nyuma kwa wembe ili kisigino kipate kutoka. Fedha tulizochanga zingetosha kumtafutia jozi moja sokoni, hata ya mitumba. Wazo hilo halikuja kwa mtu yeyote. Tulikuwa na ngoma.

Tusiseme mengi juu ya mchezo wenyewe. Aliruka mapema, mpira ukampita juu. Aliruka kwa kuchelewa, akamwangukia mpinzani. Wenzake kila walipopata mpira walimtupia yeye, hata kama amezungukwa na watu watatu, kisha wakasimama kumtazama. Kipindi cha pili hakijafika nusu alikuwa na makosa matano, mwamuzi akamtoa. Tulipigwa 41 kwa 19. Alipokwenda kuketi, uwanja wote ulinyamaza, na ndani ya kimya kile mtu mmoja alipaza sauti: "Oscar wa ndagala!"

Watu walianguka kwa kicheko. Jioni ile tulipokuwa tukirudi barabarani jina hilo lilikuwa limegeuka wimbo wenye kiitikio. Ndagala ni chakula chetu sote, ndiyo iliyotusomesha wengi wetu, lakini siku ile tulilifanya neno hilo kuwa tusi. Na aliyetunga maneno ya wimbo ule ni kapita huyu huyu anayeandika. Kwa miaka hii yote tumeacha watu wafikiri ulitoka madarasa ya chini.

Wimbo uliimbwa mpaka Noeli. Na juu ya wimbo ukaja uvumi, kwamba yule mrefu alipokewa bila kulipa minervali kwa ajili ya basiketi, na kwamba sisi wengine ndio tunamlipia. Sisi makapita hatukujua kama ni kweli au sivyo. Tuliurudia tu.

Mwezi wa Januari 2023 masomo yalipoanza tena, hakurudi. Juma la kwanza likapita, na la pili. Mkubwa wa nidhamu akatupa orodha ya wasiofika, tuzunguke nyumbani kwao. Jina lake lilikuwa la nne. Tulikwenda watatu, mpaka Kalundu, tukamkuta mama yake akianika ndagala. Alituketisha vizuri, akatupa maji. Tulipotaja minervali aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za malipo, zimekunjwa pamoja. Kila mwezi ulikuwa umelipwa. Akasema, "Banangu, mutoto aliniambia kule kwenu banataka mupira, hapana masomo. Miye sikumutuma ku mupira. Nilimutuma asome." Hatukuwa na neno. Tulikunywa yale maji.

Yeye mwenyewe tulimkuta bandarini akipakua mifuko ya mahindi kutoka katika mtumbwi. Kwa kazi ile urefu ulimfaa kweli. Hakukasirika alipotuona. Aliweka mfuko chini, akaketi juu yake, akatuuliza jambo moja tu: "Ule Oscar mwenyewe munayeniitaka jina yake, hajashindwaka hata siku moja?"

Hapo ndugu wasomaji lazima tuwaeleze kitu. Kaka yule wa Lexington hakututumia picha za furaha tu. Alitutumia pia habari ya tarehe 17 Machi 2022, siku Kentucky walipoingia katika mashindano makubwa ya mwisho wa msimu. Walipangiwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho wengi hawakuwa wamekisikia hata huko Marekani. Saint Peter's walishinda 85 kwa 79, baada ya dakika za nyongeza. Siku ile Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16. Sauti ya kaka ilikuwa ya mtu aliyetoka kuzika. Sisi habari hiyo tuliisikia, na hatukuisimulia shuleni hata mara moja. Haikuwafaa washangiliaji. Tulichukua nusu ya Oscar iliyotupendeza, tukamvika mtu ambaye viatu vyenyewe vilikuwa havimtoshi.

Tukamwambia pale pale juu ya mifuko. Alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka. "Makumi tatu! Na bado banamushinda?" Halafu kicheko kikaisha. "Njo mulijua ile, na mukaniimbia?"

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya swali lake. Mchezaji bora wa vyuo vyote alifanya kazi yake kupita kiasi na timu ilianguka mbele ya wadogo. Tena katika hao watu wa Lubumbashi yuko mwingine, Bismack Biyombo, aliyeanza kucheza NBA na timu ya Charlotte akiwa na miaka 19. Msimu wake wa kwanza, 2011-2012, timu ile ilishinda michezo 7 tu kati ya 66. Angefanya nini peke yake? Mpira wa basiketi unachezwa na watu watano, na hao wanne wengine wa kwetu walikuwa wakifika mazoezini saa kumi. Deni lilikuwa lao, na letu pia sisi wa ukutani ambao hatukuwahi kwenda kutazama mazoezi hata siku moja. Tulitaka mgeni alilipe lote kwa siku moja ya Jumamosi, na alipokosa tukamdai riba.

Wengine watasema washangiliaji wote wako hivyo, wa Kentucky na wa Uvira. Labda. Lakini Tshiebwe baada ya aibu ile ya Machi alikubali kurudi Kentucky msimu mwingine, na mwezi wa Juni 2023 timu za NBA zilipochagua vijana 58, jina lake halikusomwa, yeye aliyekuwa bora kuliko wote mwaka mmoja kabla. Aliingia kwa mlango mdogo, kwa mkataba mdogo wa Indiana. Tulimpelekea mwenzetu habari hiyo mapema asubuhi, tukidhani itamhuzunisha. Alisema tu, "Sasa ule mutu ninamupenda."

Kwa maana alirudi shuleni, juma lile lile la Januari. Hakurudi kwa ajili ya mpira. Tulimwomba msamaha pembeni, nyuma ya darasa, watatu sisi na yeye. Mbele ya mistari hatukusema kitu, kwa kuwa tuliogopa kuchekwa, sisi tuliokuwa na ujuzi mwingi wa kuchekesha watu kwa wengine. Mwaka mzima hakugusa mpira. Alisoma, na sasa mazoezi ya kemia tunanakili kwake (walimu watusamehe, tulitaka kuandika "tunajifunza kwake").

Katika likizo kubwa ya 2023 alimwendea mwalimu wa hesabu mwenyewe, akamwambia anataka kujifunza tangu mwanzo, kama mtoto, bila watu kutazama. Walifanya mazoezi asubuhi mapema kabla ya jua. Mwalimu alimfundisha kusimama. Kuruka, alisema, kutakuja baadaye. Siku hizi anacheza. Hatujawa mabingwa, wala tusidanganyane: mchezo wa mwisho tulipoteza kwa pointi sita. Lakini anamaliza mchezo akiwa na makosa mawili au matatu, na wenzake wamejifunza kumpa mpira kisha wakimbie badala ya kusimama kama miti. Viatu vyake ni namba 47. Alivinunua kwa fedha ya mifuko ya Kalundu.

Sababu ya kuandika haya leo ni ndogo. Juma lililopita mtoto mmoja wa darasa la saba, aliyekaa juu ya ukuta, alimwona akipita na mpira akapiga kelele, "Oscar wa ndagala!" Hakujua maana yake. Aliusikia wimbo kwa kaka yake. Mwenzetu aligeuka, akatutazama sisi, hakumtazama mtoto. Tulikwenda tukamshusha mtoto yule ukutani, tukamwambia jina la kweli la yule mrefu, lile lililoandikwa katika daftari la darasa, na kwamba tangu leo amwite hilo.

Akauliza, "Juu ya nini, kapita?"

Tukamwambia angoje gazeti.