Misuli Huchoka Kabla ya Ulimi Kusema

Wengi wetu huupima uchovu kwa kipimo kimoja tu: mtu ameshindwa au hajashindwa. Maadamu mzigo ungali begani na miguu ingali yaenda, mbebaji huhesabiwa kuwa mzima. Nyumbani kwetu kipimo hicho kilitumika kwa mama kwa miaka miwili, tangu baba alipopatwa na kiharusi. Mama ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwinua kwenda bafuni na kumkalisha kitini. Kila tulipozungumza na ndugu zangu kuhusu kumpunguzia kazi, jibu lilikuwa lile lile: "Mama halalamiki. Akichoka atasema."

Jibu la hoja hiyo nililipata katika elimu ambayo si fani yangu. Kijana mmoja wa mtaani, anayesomea uhandisi wa vifaa tiba, alikuja likizo na kifaa kidogo cha kusoma umeme wa misuli. Elimu yenyewe si ngeni. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake juu ya umeme na miguu ya chura. Katikati ya karne ya 19 Emil du Bois-Reymond wa Berlin alionyesha kwamba mtu anayekaza mkono kwa hiari yake hutoa umeme unaopimika. Mwaka 1912 Mjerumani mwingine, Hans Piper, alieleza kuwa mawimbi ya umeme huo hupungua kasi misuli inapokazwa kwa muda mrefu.

Kijana alinibandika vipande viwili vya kupokea umeme juu ya misuli ya mkono, vikiwa vimeachana kama sentimita mbili, na cha tatu kwenye mfupa wa kiwiko. Kisha akanipa ndoo ya maji niishike, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Mwanzoni mawimbi kwenye kompyuta yalikuwa mafupi na yamesongamana. Baada ya muda, ndoo ikiwa pale pale nami sijatamka neno, yalianza kurefuka na kuachana.

Akanifafanulia. Misuli ni mkusanyiko wa nyuzi. Amri inapofika kutoka kwenye ubongo, wimbi la umeme hupita katika kila unyuzi kwa kasi ya takribani mita 4 kwa sekunde. Kazi ikiendelea, kemia ya ndani ya misuli hubadilika na kasi hiyo hushuka. Nyuzi za kwanza zinapodhoofu, nyingine huitwa kuzisaidia, na ndiyo maana mawimbi hukua wakati nguvu zinapopungua. Kompyuta huyachambua mawimbi hayo, ambayo mengi ni ya kati ya mitikisiko 20 na 500 kwa sekunde, na kutafuta kiwango kinachoigawa nguvu ya ishara katika nusu mbili zilizo sawa. Kiwango hicho kikishuka ilhali mzigo haujabadilika, uchovu umekwisha kuanza, hata kama mkono haujatetereka. Carlo De Luca, mtafiti wa Boston, Marekani, alitumia miaka mingi kuiendeleza njia hii, ikiwemo kwa misuli ya mgongo.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Jasho na mafuta chini ya ngozi huivuruga ishara, na husomeka vizuri zaidi mzigo na mkao visipobadilika. Wala hakipimi huzuni au usiku wa kukosa usingizi. Kwa hiyo sikumbandika mama chochote. Niliwasimulia ndugu zangu habari ya ndoo: kwamba haikushuka hata kidogo, na wakati huo huo ndani ya mkono nyuzi zilikuwa zikiitana kuomba msaada. Kaka yetu mkubwa, ambaye ujana wake wote alibeba magunia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tusingoje ndoo ianguke."

Aliyekuwa mgumu kukubali ni mama mwenyewe. "Kwani nimeshindwa, mwanangu?" aliuliza, na niliona kuwa limemgusa. Nilimjibu kuwa hajashindwa, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuja sasa. Alitaka kumlisha baba kubaki kazi yake, nasi tukakubali. Kumwinua asubuhi ni zamu ya mtoto wa kaka, na kumgeuza baada ya swala ya Isha ni yangu.

Hata katika kamati ya msikiti, ninapopanga watu wa kupika na kubeba masufuria kwenye shughuli, siku hizi napanga na wa kuwapokea tangu mwanzo, bila kungoja anayeinua mkono kusema amechoka. Msomaji, katika nyumba yako huenda yupo mmoja ambaye hajawahi kulalamika. Mtazame yeye kwanza.