Ukilala Bondo, Utakula Wapi?

Hapa Kenya neno "hoteli" lina mambo yake. Mgeni akishuka kwenye matatu mjini Bondo na kuuliza hoteli iko wapi, huenda akaonyeshwa kibanda chenye mabenchi matatu, karai la mafuta mlangoni na birika kubwa la chai, lakini kitanda hakuna hata kimoja. Na akiipata ile yenye vitanda, aghalabu atakuta kwamba jikoni mna mayai, chipsi na kuku, yaani vitu vile vile alivyoviacha kwao Buruburu au Nyali. Basi hula, hulala, na alfajiri hurudi zake mjini. Amelala karibu na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, na hakuonja hata mwiba wa samaki!

Wageni wa namna hiyo si wachache. Chuo cha walimu cha Bondo kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Maseno mwaka wa 2009, na mnamo 2013 kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga. Tangu hapo wazazi kutoka kila pembe ya nchi huwaleta watoto wao, godoro juu ya gari na sanduku mkononi. Wengine huja kuzuru Kang'o ka Jaramogi, alikozikwa Mzee Jaramogi mwaka wa 1994, na mwanawe Raila mnamo Oktoba 2025. Wote hawa hufika wakiwa na njaa, na wengi hawajui pa kuanzia.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mji wa Bondo haupo ufukoni. Ukitoka Kisumu unapinda kushoto pale Kisian, unapita Kombewa na Ndori, na unaingia mjini bila kuyakanyaga maji. Samaki naye ni msafiri kama wewe. Hutoka Usenge, Uhanya, Wichlum na fuo nyinginezo, akaletwa kwa pikipiki au kwa matatu, ndani ya beseni au gunia lililoloweshwa. Nyavu nyingi hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa hivyo samaki wa leo huonekana mjini jua likiwa limekwisha kupanda.

Kwa sababu hiyo, mlo wa samaki mjini Bondo ni chakula cha mchana. Anayengoja hadi saa mbili usiku huenda akapewa aliyekaangwa adhuhuri, akakaa kwenye kabati la kioo, kisha akarudishwa kwenye mafuta ili apate moto. Samaki aliyekaangwa mara mbili humjui kwa macho. Utamjua utakapomtafuna, naye ni mgumu kama soli ya kiatu. Kama umefika usiku, ni heri ule chai na chapati, ukamweka samaki kiporo cha kesho.

Jambo la pili ni namna ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kuna swali na swali. Ukimwuliza kijana wa mapokezi, "Hoteli nzuri ya kula ni ipi?" atakutazama viatu na saa, kisha atakuelekeza mahali penye vitambaa vya meza na bei za wageni. Si kwamba ana nia mbaya, amejibu alichoulizwa. Badala yake mwulize, "Wewe mwenyewe hula wapi mchana?" Mlinzi wa lango naye mwulize hivyo hivyo, na mwendeshaji bodaboda pia. Wakitaja mahali pamoja watu wawili wasiosikilizana, nenda huko.

Ukifika, usiingie upesi. Simama kidogo utazame walioketi. Makarani wa ofisi za serikali, walimu, makanga wa matatu na wanafunzi ni mashahidi wa kuaminika, kwa sababu wao hula hapo kila siku na kwa fedha za jasho. Mpishi anaweza kumdanganya mpita njia, lakini hawezi kumdanganya karani yule yule Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Tazama pia kama kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia. Hapa mkono ndio kijiko, na nchi yetu imepata kuuona mkono wa kipindupindu mara nyingi. Pasipo na maji ya kunawa, hata samaki angekuwa wa dhahabu, endelea na safari.

Jambo la tatu ndilo ambalo watu wa mjini huona aibu kulifanya: omba umwone samaki kabla hajapikwa. Hakuna atakayekasirika. Sema kwa heshima, "Mama, naomba nimwone. Ametoka ziwani lini?" Mama mwenye samaki mwema atamwinua mwenyewe na kukufunulia mashavu. Ndani yawe mekundu, jicho liwe angavu na lililojaa, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Jicho likiwa limezama na kupakwa ukungu, shukuru, uulize kuna mboga gani.

Usidhani kuwa karibu na ziwa hakuna haja ya kuuliza hivyo. Mnamo 2018 nchi nzima ilijaa mjadala kuhusu samaki waliogandishwa kutoka China, waliokuwa wakiuzwa hata Kisumu, mlangoni pa ziwa lenyewe. Samaki wa barafu si sumu, na kwa mwenye kipato kidogo bei yake ni nafuu. Kosa ni kumuuza kwa jina na bei ya samaki wa asubuhi. Ukiwaona kumi kwenye beseni wanalingana kama waliopimwa kwa rula, uliza walikotoka. Nyavu za Usenge hazina rula.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mbuta, yule samaki mkubwa, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vimeanza kumnunua, kumkata minofu na kumpeleka ng'ambo. Minofu ilikwenda Ulaya, na kilichobaki nyumbani kilikuwa kichwa, uti wa mgongo na mkia. Wenyeji wakavibatiza "mgongo wazi". Akina mama walivinunua, wakavikausha na kuvikaanga, na familia nyingi za ufukoni zikalishwa navyo huku nyama yenyewe ikipaa kwa ndege. Ukiviona sokoni usivicheke. Mfupa ule umelipa karo za watoto wengi.

Ngege naye ana kisa chake. Ngege wa asili, aliyevuliwa na mababu, karibu atoweke kabisa katika ziwa kubwa. Huyu wa sahani yako kwa kawaida ni jamaa yake wa mto Nile, aliyeletwa pia katika miaka ya 1950 na kurithi jina. Yule wa zamani bado yupo katika Ziwa Kanyaboli, humu humu Siaya, kando ya kinamasi cha Yala. Kwa hivyo mwanafunzi atakayesomea viumbe vya majini Bondo ana kitabu kikubwa nje ya dirisha lake.

Sasa umeketi. Samaki hupikwa kwa njia tatu: akakaangwa mkavu, akakaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, au akachemshwa tu. Aliyechemshwa ndiye mtihani wa mpishi, kwa kuwa mafuta hayapo ya kuficha uchakavu. Ugali uagize wa mtama uliochanganywa na muhogo kama upo; rangi yake ni ya udongo na hushibisha hadi jioni. Mboga nazo usizidharau. Kuna osuga, yaani mnavu, kuna apoth, ndiyo mrenda, na kuna dek, ile mgagani chungu ambayo hutiwa maziwa ikalainika. Mwenyeji hapimi mpishi kwa samaki peke yake. Hupima kwa mboga.

Bei ulizia kabla ya kuagiza, kwani samaki huuzwa kwa ukubwa wake na si kwa jina. Familia ya watu wanne haihitaji samaki wanne. Mkubwa mmoja katikati ya meza, na ugali kwa kila mtu, huwatosha. Watoto wa mjini waliozoea minofu isiyo na macho wataogopa kichwa. Waonyeshe jinsi ya kuitafuta miiba kwa vidole, polepole, bila mazungumzo mengi mdomoni.

Nawe mwanafunzi ambaye mfuko wako hauwezi ngege kila siku, rafiki yako ni omena. Lakini naye ana majira yake. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kwa hivyo mwezi mpevu ukiwaka huadimika. Tena kwa kawaida serikali hufunga uvuvi wake kati ya Aprili na Julai ili azaliane. Ukimkuta kwa wingi wakati huo, huenda ni wa ghalani au amevuka mpaka.

Kama una alasiri ya bure, panda gari uende hadi Usenge. Pale samaki hana safari ndefu, na utawaona akina mama wakipatana bei na wavuvi, mashua zikiwa bado zinatiririka maji. Ukishaona kazi ile, hutapata tena nguvu ya kumkamua mpishi wa Bondo shilingi hamsini. Samaki bora wa ziwa hili wamezoea kuondoka mapema, kwenda Nairobi na kwingineko, kwa sababu huko kuna mnunuzi. Kila mgeni anayeketi kwenye benchi la Bondo na kulipa bei ya haki humpa samaki mmoja sababu ya kubaki nyumbani.

Basi, mzazi utakayempeleka mtoto chuoni, weka nafasi ya chakula cha mchana katika ratiba yako. Na mama akija kuondoa sahani yenye miiba mitupu, mwambie "erokamano". Ndiyo asante ya huko, na kwa mpishi hainunuliki.