Taa ya Njano Katika Barabara ya Kirinyaga

Msafiri aingiaye Kenya kwa njia ya Namanga hukata kiasi cha kilomita 160 kabla ya kufika katikati ya Nairobi. Tangu mwaka 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi na wakuu wa nchi hizi mbili, shughuli za karatasi hufanyika chini ya paa moja, na dereva hushika njia ya Kajiado, Isinya na Kitengela akiitazama kwa nafasi nchi kavu ya Wamasai. Wengi hufuata biashara, wengine hufuata jamaa. Wapo pia waendao Nairobi kwa ajili ya magari yao, na hao hawakawii kuulizia Barabara ya Kirinyaga.

Barabara hiyo iko upande wa bonde la Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, mahali ambapo jiji huacha majumba marefu ya vioo na kuanza kunuka mafuta ya injini. Maduka ya vipuri yamesongamana pande zote mbili. Milango ya magari imetundikwa kama nyama buchani, taa za mbele zimepangwa rafuni zikiwakodolea macho wapitao, na vijana husimama kandokando ya njia wakimwuliza kila dereva apunguzaye mwendo anatafuta nini. Wenyeji wengi wangali wanapaita Grogan. Hilo ni jina la Mwingereza Ewart Grogan, aliyesifiwa kwao kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1907 mtu huyo aliwachapa viboko Waafrika waliokuwa wavuta rikisho mbele ya mahakama ya Nairobi, mchana kweupe, akafungwa kwa muda mfupi. Baada ya uhuru barabara ilipewa jina la mlima ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, nalo ni badiliko la haki kabisa, ingawa midomo ya watu imechelewa kulifuata.

Hapo ndipo alipofika hivi karibuni dereva mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akielekea Narok pamoja na mkewe na watoto watatu. Gari lake lilikuwa Toyota ndogo iliyokwisha kutumika Japani, na kwenye dashibodi ilikuwa imewaka taa ya njano yenye herufi tatu, ABS. Taa hiyo ilikuwa na umri wa miezi minne. Gereji moja ya nyumbani ilimwambia anunue pampu nzima ya mfumo huo, na bei aliyotajiwa ilimnyima usingizi. Gereji ya pili ilimpa ushauri wa bei nafuu zaidi: balbu ing'olewe, taa isionekane tena.

Yafaa msomaji aelewe kwanza taa hiyo inasema nini. Gurudumu linapofungwa breki kwa nguvu kupita kiasi huacha kuzunguka na kuanza kuteleza, na gari linaloteleza kwa magurudumu ya mbele halisikii usukani. Kinga yake ilianzia kwenye ndege katika miaka ya 1950, na mwaka 1978 ikaingia katika magari ya Mercedes-Benz ikiwa imetengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch. Katika kila gurudumu hukaa kidude kiitwacho sensa, ambacho hakihusiani na kuhesabu watu, bali huhesabu meno ya pete ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Kompyuta ndogo hulinganisha hesabu za magurudumu yote manne. Ikiona moja linakaribia kusimama wakati mengine yangali yanazunguka, huilegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dereva huisikia kazi hiyo mguuni, pedali ikitetemeka.

Taa ya njano ikiwaka peke yake, maana yake ni kwamba kinga hiyo imejiondoa kazini. Breki za kawaida zingalipo. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, jambo ni zito: huenda mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umepotea, na gari la namna hiyo halistahili kuendelea na safari.

Sasa turudi kwenye ile balbu. Miongoni mwa hila zifanywazo katika biashara ya magari yaliyotumika, hii ni ya aibu zaidi, kwa kuwa humnyamazisha shahidi na kuliacha kosa lilivyo. Wako hata wajanja wanaounga waya wa taa hiyo na ule wa taa ya oili, ili zote ziwake na kuzimika pamoja na mnunuzi asishuku. Kwa hiyo mafundi wazee wa Kirinyaga, mteja anapowaletea gari analotaka kulinunua, hawaanzii chini ya boneti. Hufungua swichi bila kuwasha injini, wakaitazama dashibodi. Taa ya ABS sharti iwake yenyewe, ikae sekunde chache hivi, kisha izimike. Isipowaka kabisa, muuzaji ana maswali ya kujibu.

Fundi aliyempokea yule Mtanzania alikuwa mtu wa makamo, mwenye nywele zilizoanza kuingia mvi na mikono isiyotakata tena kwa sabuni ya kawaida. Mgeni alikuwa na haraka.

“Fundi, nibadilishie tu hiyo sensa niondoke. Watoto wamechoka.”

“Pole, mzee. Sensa ziko nne, na hatujajua bado anayelalamika ni nani. Mama na watoto wakae pale kivulini wanywe chai.”

Akauliza swali moja lililoonekana dogo: taa huwaka mara tu swichi inapofunguliwa, au gari likishatembea? Mgeni akajibu kwamba mwanzoni ilikuwa ikiwaka njiani, hasa penye mashimo, lakini sasa haizimiki kabisa. Swali hilo lina uzito wake. Kosa lionekanalo gari likiwa limesimama huelekea zaidi kwenye umeme: waya uliokatika, plagi iliyoliwa na kutu, fyuzi iliyoungua. Lile lijitokezalo baada ya kutembea aghalabu hutokana na pete iliyovunjika jino, uchafu kwenye sensa, au beringi iliyolegea hata gurudumu likacheza. Na taa iliyoanza kwa kuwaka penye mashimo halafu ikagoma kuzimika humkumbusha fundi waya unaokatika uzi baada ya uzi.

Mashine za kusomea makosa zimejaa siku hizi katika mtaa huo, na mafundi wengi huwa nazo. Huyu alianza na kipande cha waya. Katika magari mengi ya Toyota ya aina ile, chini ya usukani pana soketi yenye matundu 16. Aliunganisha tundu la nne na la 13, akafungua swichi, na taa ya ABS ikaanza kupepesa. Ikapepesa mara tatu, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili. Thelathini na mbili. Katika mpango wa Toyota, 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 ya mbele kushoto, 33 ya nyuma kulia na 34 ya nyuma kushoto. Kama hapana kosa, taa hupepesa mfululizo bila kutulia. Magari ya kampuni nyingine yana desturi zao, na kuchomeka waya ovyo katika soketi hiyo kwaweza kuiunguza kompyuta. Mwenye gari asijaribu kabla ya kukisoma kitabu cha gari lake.

Namba hiyo ilimpeleka fundi kwenye gurudumu moja tu, lakini haikumwambia kwamba sensa yenyewe imekufa. Hapa ndipo wateja wengi wanapopoteza fedha. Namba hutaja njia nzima, tangu kwenye pete hadi kwenye kompyuta, na duka lililo hatua kumi kutoka hapo liko tayari kuuza sensa kwa yeyote atakayeitaja. Jeki ikawekwa, gurudumu likatolewa. Pete ilikuwa na meno yote. Fundi alieleza kwamba huitazama pete kila mara, maana wako wateja wanaobadilishiwa kile kiungo cha ekseli kiitwacho sivi, wakauziwa kisicho na meno kwa kuwa ni cha bei ndogo. Gari hutembea vizuri, na taa huwaka siku hiyo hiyo. Magari yaliyotoka mikoa ya kaskazini ya Japani, inayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nayo huja na kutu ambayo huvimba chini ya pete na kuipasua.

Sensa ilichomolewa kwa uangalifu, bila kupigwa nyundo. Ncha yake ina sumaku, na ilikuwa imevaa ndevu za unga wa chuma utokao kwenye breki. Zikafutwa kwa kitambaa. Kisha ikapimwa kwa mita ya umeme. Sensa za namna hiyo, zilizo na koili ndani yake, kwa kawaida huonyesha kiasi cha ohmu 1,000 hadi 2,000, na kitabu cha gari hutaja kiasi kamili. Zile za magari mapya, ambazo hupelekewa umeme na kompyuta, hazipimwi hivyo. Mita ikaonyesha ohmu 1,300 na zaidi kidogo. Fundi akaukunja waya kwa vidole, inchi kwa inchi, kutoka kwenye sensa kuelekea ndani ya bodi. Ulipofika pale unapopinda kila mara usukani ukatwapo, namba ikatoweka. Akaulegeza, ikarudi. Akaukunja, ikatoweka tena.

“Njoo uone mwenyewe, mzee. Pampu uliyoambiwa ununue iko salama. Ugonjwa wako ni huu hapa.”

Chini ya ganda zima la plastiki, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika na kubaki zikigusana kwa bahati. Kipande kibovu kilikatwa, nyaya zikaungwa kwa lehemu, zikavikwa mpira wa kubana, na kifungo kilichokuwa kimepotea kikarudishwa ili waya usivutwe tena. Fundi hakuficha kwamba kiungo mahali panapopinda hakina maisha marefu kama waya mzima, na kwamba siku moja sensa yenye waya wake itanunuliwa. Kisha, kipande cha waya kikiwa kingali kwenye soketi na swichi ikiwa wazi, alimwagiza mgeni aikanyage pedali ya breki mara nane ndani ya sekunde tano. Hiyo ndiyo njia ya kuifuta kumbukumbu ya kosa katika gari lile. Waya ukatolewa, swichi ikafungwa na kufunguliwa tena. Taa ikawaka, ikakaa kidogo, ikazimika.

Kutoka Nairobi kwenda Narok, njia hupanda hadi nchi ya baridi ya Limuru, kisha huanguka ghafula kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara ile ilijengwa na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita katika miaka ya 1940, nao waliacha kanisa dogo chini ya mteremko, kandokando ya njia, ambalo lingalipo. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba. Upande wa pili ni hewa tupu, na mbele kabisa Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776. Malori mazito hushuka hapo yakivutana na magari madogo. Fundi alikuwa amemwonya mgeni asidanganyike: ABS haipozi breki zilizochemka. Dereva ashukaye kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya pedali muda wote atafika katikati ya mteremko na breki zisizoshika, taa iwe imewaka au imezimika. Basi gia ndogo ikawekwa tangu juu, na gari likashuka polepole mpaka Mai Mahiu.

Walipofika bondeni, dereva alitafuta njia ya changarawe iliyo tambarare na isiyo na watu. Mkewe na watoto wakashuka. Akaenda mwendo wa kilomita 30 kwa saa, akakanyaga breki kwa nguvu. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ikagonga mara nyingi kwa haraka, na usukani ukasikia. Gari lilisimama mbele kidogo ya alipotarajia, kwa kuwa juu ya changarawe gurudumu lililojifunga hujirundikia kokoto mbele yake, na ABS hulinyima nafasi hiyo. Mtoto wa kwanza, aliyekuwa amepewa kazi ya kuitazama dashibodi kupitia dirishani mara baba yake aliposimama, alipiga kelele kwamba haioni taa yoyote ya njano. Wakapanda, wakashika njia ya Narok.