Usiache Mbachao: Likizo ya Siku Kumi Masese

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo yalitimia katika nyumba moja ya Masese, ukingoni mwa jiji la Jinja, mwezi wa Desemba, pale sajini mmoja wa polisi aliporudi kwao kwa likizo ya siku kumi baada ya kutumikia mbali kwa karibu mwaka mzima.

Binti yake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, alimlaki na kitabu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya chemchemi ya mawe iliyoko katika uwanja wa Navona, mjini Roma, ambayo mchongaji Bernini aliimaliza mwaka 1651. Chemchemi hiyo ina sanamu nne, kila moja mfano wa mto mkubwa: Danube wa Ulaya, Ganges wa Bara Hindi, Rio de la Plata wa Amerika ya Kusini, na Nile wa Afrika. Sanamu ya Nile imefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwa kuwa zama hizo watu wa Ulaya hawakujua mto huo waanzia wapi.

"Baba, tutakwenda lini kuiona?" aliuliza binti.

Sajini alicheka, kisha akanyamaza. Nauli ya ndege ya mtu mmoja tu kwenda Italia ingemeza mishahara ya miezi mingi. Hata zile fedha kidogo alizozidunduliza zilikwisha kukusudiwa mabati ya chumba cha mama yake mzazi. Ndipo mkewe aliposema kwa upole:

"Baba watoto, hicho kichwa kilichofunikwa huko Roma, hapa kwetu ki wazi. Mbona hatujawapeleka watoto wakakitazame?"

Neno hilo lilikuwa la haki. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Mgiriki Herodotus alisafiri Misri akiulizia chanzo cha Nile, asipate wa kumwambia. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Kaisari Nero wa Roma alituma askari waupande mto huo. Wakazuiwa na vinamasi na majani yaliyosongamana, wakarudi. Basi askari wale wa Kirumi walikitafuta kwa taabu kitu ambacho mtoto wa Masese anaweza kukifikia kwa miguu kabla ya jua kuwa kali. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika penye maporomoko mto unapotoka ziwani, akayaita Ripon. Lakini Wasoga walikuwa na jina lao la mto, Kiyira, tangu kale. Na jina la Jinja lenyewe latokana na mawe ya mahali hapo.

Usiku huo mama watoto alitwaa daftari, akapanga matembezi kama apangavyo matumizi ya nyumba. Kwanza, fedha za mabati hazitaguswa. Pili, watalala nyumbani, au kwa ndugu watakapokwenda mbali. Tatu, chakula kitatoka jikoni: viazi vitamu, samaki wa kukaanga na maji yaliyochemshwa. Nne, bei ya kila chombo itaulizwa kabla ya kupanda, si baada ya kushuka.

Siku ya kwanza iliwekewa chanzo cha Nile. Hapo watoto wangeiona sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto huo mwaka 1948. Mama aliandika maonyo mawili na kuyapigia mstari. La kwanza: asipande mtoto mtumbwi bila kuvaa jaketi la kuelea lililofungwa barabara, hata kama nahodha anasema safari ni fupi. La pili: watoto wasichezee maji ya ufukoni, kwani kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, pasipo mtu kuhisi.

Siku ya pili ilikuwa ya kuutembea mji kwa miguu: kutazama majumba ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, ambao wengi wao walifukuzwa nchini mwaka 1972, na kuyazuru makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Sajini mwenyewe ndiye aliyeomba makaburi yaandikwe.

Siku ya tatu ilikuwa ya kutazama kwa mbali bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yake yaliyazamisha maporomoko ya Ripon. Karibu nalo liko daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa mwaka 2018. Watoto walikumbushwa kuwa mahali pa ulinzi hapapigwi picha bila ruhusa. Baada ya hapo ingefuata safari kubwa: Mbale, kiasi cha kilomita 150, na kutoka huko hadi maporomoko ya Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon.

Mpango ulipokwisha kusomwa, bibi, aliyekuwa kimya pembeni akichambua dagaa, alisema, "Mimi nipelekeni Bujagali."

Watu walitazamana. Maporomoko ya Bujagali hayapo tena. Yalifunikwa na maji mwaka 2011, ili bwawa la umeme wa megawati 250 lipate kufanya kazi. Nalo lilizinduliwa mwaka 2012.

"Mama, hakuna cha kuona pale," alisema Sajini.

"Najua, mwanangu. Tangu yafunikwe sijakwenda. Nataka nikapaone kabla macho hayajafumba."

Miguu ya bibi haikuweza tena kupanda pikipiki wala kubanana katika teksi. Ilibidi gari likodiwe. Mama watoto alipiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu likawa lile lile: ama Sipi kwa watoto, ama Bujagali kwa bibi. Wadogo walinuna. Sajini aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akasema, "Mlima hauhami. Sipi tutakwenda likizo nyingine, Mungu akitujalia. Mama atangulie." Binti akaifuta Mbale katika daftari kwa mkono wake mwenyewe.

Bujagali waliyakuta maji yametulia kama ya ziwa. Bibi aliketi kwenye mkeka, akanyoosha kidole. Pale, alisema, ndipo mawe yalipogawa mto. Na povu lilikuwa jeupe, na mvumo wake ulisikika kabla hujauona mto. Pale vijana walijitupa majini wakikumbatia madumu matupu, wapate fedha za watalii. Na pale watu walikwenda kwa heshima, kwa kuwa Wasoga waliyahesabu maporomoko hayo kuwa makao ya roho ya Budhagaali. Binti aliandika, akichora kila jiwe mahali alipoonyeshwa, hata kurasa nne zikajaa. Wadogo walisahau kununa, wakawa wanauliza.

Jioni, bibi aliomba asomewe yaliyoandikwa. Alisahihisha mahali pawili, akaridhika, akaenda kulala.

Basi, askari apatapo ruhusa ya siku chache, na mkewe ashikapo daftari kupanga, ni vyema kabla ya kuuliza nauli wamwulize mzee wa nyumba anataka kuona nini. Majumba ya Roma yamesimama karne nyingi, na yatangoja. Maporomoko ya Ripon na Bujagali hayakungoja, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.