Meno ya Konokono

Ukiulizwa konokono ni nani, bila shaka utamtaja yule mkubwa anayetafuna sukumawiki usiku. Si uongo. Huyo ni mzaliwa wa pwani yetu, na leo amefika mpaka Asia na Marekani bila pasipoti. Lakini mimi leo namtaka mwingine, mdogo, ambaye gamba lake likidondoka kwenye sinia la mchele huwezi kuliokota.

Anaitwa Gulella. Hilo ni jina la ukoo, lililotolewa na Mjerumani Pfeiffer mwaka 1856, na ndani yake mna mamia ya aina, karibu zote za Afrika. Baadhi hawafiki hata milimita tatu. Na huyu hali majani, jamani. Anakula konokono wenzake! Mdogo hivyo, simba wa majani makavu.

Nilimjua Gulella katika msitu wa Ngangao, Taita, upande wa mamangu, nilipopata kibarua cha kumsaidia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu. Kazi yenyewe haikuwa na utukufu wowote: kujaza gunia majani yaliyooza, kuyaanika, kuyachekecha, halafu kukaa na kijiti chenye ncha ukichambua kama anayechambua choroko. Siku nzima unapata magamba ishirini, na kumi ni mabovu.

Nyanya alinikuta uani.

"Wewe, umetoka Mombasa kote huko kuja kupepeta takataka?"

"Ni konokono, nyanya."

"Wanaliwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Hiyo "sasa?" yake nimetembea nayo hadi leo.

Basi nikampa lenzi. Akaiona mdomo wa gamba, akanyamaza, kisha akasema, "Kana meno." Na kweli kana meno, ila si ya kutafunia. Ni vijivimbe vya gamba lenyewe vilivyoota mlangoni, kimoja juu, kingine pembeni, kingine ndani kabisa kwenye nguzo ya katikati. Wataalamu wengi hudhani vinamzuia adui asiingie. Kwa mtu anayetafuta jina, vijivimbe hivyo ndivyo alama za vidole. Unalisimamisha gamba ncha juu, mdomo ukutazame. Unahesabu mizunguko kuanzia nchani, unapima urefu na upana, unaangalia kama ngozi yake ni laini au ina mistari kama bati la nyumba. Halafu unarudi kwenye meno: mangapi, yako wapi, lipi limegawanyika. Gamba la mtoto linakuchezea shere, kwa sababu meno ya utu uzima hukamilika mdomo ukishamaliza kujengwa. Na kuna aina ambazo magamba yao yanafanana kama pacha, mpaka mnyama mwenyewe apasuliwe viungo vyake vya uzazi vitazamwe, au zichukuliwe chembe zake za urithi.

Yupo Gulella taitensis, aliyepewa jina hilo na Bernard Verdcourt mwaka 1963. Huyu bwana namhusudu kidogo. Kazi yake ya mshahara ilikuwa mimea, Nairobi na baadaye Kew huko Uingereza, lakini konokono wa Afrika Mashariki aliwaandika miaka na miaka, hadi alipofariki mwaka 2011. Na kazi haijaisha: aina mpya za Gulella zimeendelea kutangazwa.

Ili useme wako ni mpya lazima umlinganishe na wa zamani, yaani lile gamba lenyewe lililoshika jina mara ya kwanza. Na magamba mengi ya namna hiyo, ya konokono wa kwetu, yamo katika makabati ya London na Tervuren. Silalamiki sana, yametunzwa. Lakini inachekesha: konokono ametoka nyuma ya shamba la mjomba, kitambulisho chake kiko Ulaya.

Mjomba ndiye aliyeuliza swali gumu. Tulikuwa tumekula, redio imezimwa kubana betri. Akaniuliza, "Hako kadudu kakipata jina, msitu utapona?"

Nilimweleza nijuavyo. Ngangao ni kama hekta 120 tu, kisiwa katikati ya mashamba na misonobari ya kupandwa. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia hapa Taita mpaka Udzungwa, Tanzania, na kila mlima una viumbe wake. Konokono wa kwenye majani yenye unyevu havuki shamba la mahindi lililokauka kwenda kutafuta msitu mwingine. Msitu ukiisha, naye ameisha. Asiye na jina kwa kawaida haandikwi katika orodha ya walio hatarini, na akitoweka hakuna atakayeweza hata kusema nani katoweka.

"Kwa hiyo hujui kama utapona," mjomba akasema.

"Sijui."

Nyanya akaingilia. Akaanza kuhesabu miti iliyokuwa pale chini ya nyumba alipoolewa, mmoja mmoja, kwa Kitaita, huu wa dawa, huu wa mizinga, huu wa mpini wa jembe. Mingine mimi sijawahi kuiona kwa macho. Alifika kumi na tatu, akarudi nyuma kuona kama ameruka mmoja. Kweli alikuwa ameruka.

Kesho yake tulikuta gamba moja la milimita nne ambalo jino lake la pembeni halikukubali kuingia katika maelezo yoyote tuliyokuwa nayo. Mwanafunzi alilitazama chini ya hadubini asubuhi nzima, chai yake ikapoa. Hakushangilia. Alinipa karatasi ndogo ya kuweka ndani ya kichupa na penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti. Nikaandika Ngangao, mwinuko, tarehe, na aina ya mti tuliochimbua chini yake, jina la Kitaita kama nyanya alivyolitamka. Mbele ya Gulella nikaandika "sp.", kisha nikaacha nafasi.